Kaboni ngumu ya maganda ya karanga kwa betri za sodiamu: anza na vumbi

Madini ya kinywe (grafiti) yanafaa sana kwa anodi, yaani upande hasi, ya betri za lithiamu, lakini kwa sodiamu hayafui dafu. Katika elektroliti za kawaida (kimiminika kinachopitisha ioni), ioni za sodiamu haziingii ipasavyo kati ya tabaka zake. Kinachohitajika ni kaboni ngumu, yaani kaboni ambayo tabaka zake hazikupangika vizuri kama za kinywe, na malighafi yake Dodoma haina shida: maganda ya karanga yamerundikana nyuma ya mashine za kubangua kuanzia Kongwa (huko ambako mpango wa karanga wa Waingereza wa 1947 uligonga mwamba) hadi Mpwapwa.

Wengi huanza kwa kuulizia joto la tanuru. Ulizia vumbi kwanza. Karanga hung'olewa ardhini, na ganda lake lina vishimo vinavyoshika udongo hata baada ya kupepetwa. Asidi ya haidrokloriki haiyeyushi mchanga, kwa hiyo usitegemee asidi ikusafishie. Sugua maganda kwenye maji, badilisha maji mpaka yatoke meupe, kisha kausha kwa nyuzi 105 usiku kucha.

Choma mara mbili. Mara ya kwanza nyuzi 500 kwa saa mbili, ndani ya gesi ya agoni isiyounguza kaboni, ili lami yote itoke. Ukiunganisha hatua zote mbili, lami huganda kwenye mdomo wa bomba la tanuru na kuziba njia ya gesi. Makaa yanayopatikana yasage, yachekeche kwa chekeche la mikroni 45, halafu yaloweke kwenye asidi ya haidrokloriki ya mola 2 kwa lita, nyuzi 60, saa sita. Hapo ndipo potasiamu na kalsiamu za ganda lenyewe zinapotoka. Zikibaki, joto likipanda potasiamu hula kaboni na kufungua vitundu vingi, na sodiamu nyingi hupotea kwenye chaji ya kwanza. Suuza mpaka pH iwe karibu 7. Kusaga kufanyike hapa, si baada ya moto wa pili, maana kusaga mwishoni kunafungua nyuso mpya zenye madhara yaleyale.

Moto wa pili ni nyuzi 1300 kwa saa mbili, ukipanda nyuzi 5 kwa dakika. Umeme ukikatika hapo, valvu nyingi za kielektroniki za kupimia gesi hujifunga zenyewe. Agoni inakata, hewa inaingia, na unafungua tanuru kukuta majivu. Tumia kipimo cha gesi cha kufungua kwa mkono. Kwenye njia ya kutokea weka chupa tupu kabla ya chupa ya maji, tanuru likipoa lisije likavuta maji ndani.

Kwa rojo la kupaka elektrodi, gramu 0.9 za kaboni, 0.05 za masizi ya kupitisha umeme, na gramu 2.5 za myeyusho wa CMC (gundi inayoyeyuka kwenye maji) wa asilimia 2. Pakaa kwenye foili ya alumini. Shaba ni gharama ya bure, kwani sodiamu haiungani na alumini kama lithiamu inavyofanya. Hewa kavu ya Dodoma hukausha uso wa rojo haraka kuliko chini yake, nao unapasuka kama tope la bwawani. Funika kwa trei, zima feni. Ila ukavu huo usikudanganye wakati wa kuunda seli: sodiamu na elektroliti vinataka kisanduku cha glavu, yaani kisanduku kilichozibwa unachofanyia kazi kupitia glavu, chenye maji chini ya sehemu 1 kwa milioni.

Pima foili tupu usikisie. Duara la milimita 12 la foili ya mikroni 15 lina takriban miligramu 4.6. Duara lililopakwa likiwa na 7.1, tabaka ni 2.5 na kaboni yenyewe ni 2.25. Kosa la miligramu 0.2 tu linakuongezea au kukupunguzia karibu asilimia 8 ya uwezo, na makala nyingi za kujisifu zimejengwa hapo.

Kaboni nzuri hutoa takriban mAh (miliampea-saa) 300 kwa gramu, sehemu kubwa ikiwa chini ya volti 0.1. Ukiona uwezo umeporomoka ulipoongeza mkondo, usiilaumu kaboni haraka. Katika seli ya majaribio, sodiamu ya upande wa pili nayo hula volti kidogo, na kipimo hufika kikomo cha volti 0.01 kabla kaboni haijajaa. Rudisha mkondo kwenye 0.07 mA, uwezo ukirudi, kaboni yako ni nzima, ipime tena kwa seli ya elektrodi tatu, ambayo elektrodi ya tatu hupima volti za kaboni peke yake.