Mke Wangu Hunipapasa Kiunoni Kwanza

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nina miaka 41, nanunua dagaa na migebuka mwaloni Kibirizi, Kigoma, na kupeleka Kasulu. Mwaka juzi nilivamiwa usiku nikitoka kufunga hesabu, nikakatwa panga la bega. Nikaomba kumiliki bastola. Nilizungushwa kuanzia kwa mwenyekiti wa mtaa mpaka kamati ya ulinzi na usalama, hatimaye nikapewa leseni. Tangu hapo naivaa kiunoni, shati nimeliachia juu yake, hakuna anayejua. Shida ni mke wangu. Kabla hajanikumbatia hunipapasa kiunoni kwanza. Kwenye pikipiki yangu hapandi tena, anakodi bodaboda. Mtoto wetu wa miaka 6 anajua ninapoiweka, ila nimemkataza kabisa kuigusa. Jumamosi tuna harusi Ujiji, na ameapa hatoki na mimi nikiwa nayo. Nimefikiria nimwambie nimeirudisha polisi, halafu niendelee kuibeba kimyakimya. Nitakuwa nimekosea?
Mchuuzi wa Dagaa, Mwanga

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole ya bega. Nilipofika kwenye habari ya mtoto niliweka barua chini nikaenda kunywa maji.

Marehemu mume wangu alikuwa na bunduki ya kufukuzia nguruwe kwenye mihogo yetu, Uvinza. Alikuwa na leseni, na alikuwa mtu mwangalifu kuliko mimi. Asubuhi moja natandika kitanda, binti yangu akachomoza uvunguni ameshika kitu chekundu chenye kitako cha shaba. Amekishika kwa vidole viwili, kwa adabu. "Mama, hii lipstiki yako?" Ilikuwa risasi. Baba yake aliitoa mfukoni usiku, ikabingirika, akaenda zake shamba. Na binti huyo naye alikuwa amekatazwa.

Sheria ya silaha ya mwaka 2015 haimpi leseni mtu mwenye miaka 24, hata awe na akili timamu namna gani. Wewe ukiingia kuoga unaiacha na mwenye miaka 6. Hata mkeo hana ruhusa ya kuishika, leseni ina jina lako peke yako. Mwanamke anakaa chumba kimoja na kitu asichoruhusiwa kukigusa wala hajui kama kina risasi ndani. Hapo ungepapasa hata wewe.

Sisemi uirudishe. Sisi wa Kigoma tunayakumbuka mabasi ya Kasulu na Kibondo yakisindikizwa na askari wenye bunduki, na bega lako ni shahidi. Ila naona unaibeba hata siku usiyo na kitu cha kuibiwa. Harusini Ujiji unamwogopa nani, wapiga ngoma? Utakaa mkekani na wazee, utainama kunawa, shati litapanda. Jambazi akishajua unayo, ataitaka bastola yenyewe kuliko pesa.

Sasa huo uongo. Siku mkeo atakapokupapasa akakuta chuma, hatakuuliza habari ya bastola tena. Atauliza ni mangapi mengine umemwambia umerudisha.

Fanya hivi. Nunua kasiki, fundi aikaze ukutani kwa nati, isiwe ya kubebeka. Ukifika nyumbani, bastola iingie humo kabla hujavua viatu, risasi zimetolewa na kuwekwa kando, ufunguo ukae nawe. Mwite mkeo aone kwa macho ukitoa risasi, kila siku, hata ukichoka. Mume wangu alianza hivyo baada ya ile lipstiki, na mimi nikaanza kulala. Kisha punguza sababu ya kuibeba: wateja wa Kasulu wakulipe kwa simu au benki, hesabu ufunge jua likiwa juu. Zikibaki siku mbili za wiki zenye pesa taslimu mkononi, bebea hizo, na umwambie ni zipi.

Halafu muulize anaogopa nini hasa. Barua nzima umenieleza anachofanya, hujanieleza alichosema. Pengine ni mtoto. Pengine anaogopa utakavyokuwa siku mkigombana, na hilo hataliandika kwenye gazeti. Muulize ukiwa umekaa, kiuno kitupu.

Jumamosi iache kasikini, na umwambie kabla hajanyoosha mkono.