Re: Kubadilisha bati Kigamboni, mbona mara mbili ya alicholipa kaka yangu Mafinga?

Pole mkuu, ila usimuite fundi mwizi kwanza. Nyumba zenu zote kuwa na vyumba vitatu haina maana paa ni sawa, kama ya kaka yako ni mgongo wa tembo (paa la pande mbili tu) na yako ina kona kona nyingi basi bati linakatwa sana, vipande vinatupwa, kofia (bati za kufunika maungio ya juu) zinaongezeka na kenchi (fremu za mbao zinazobeba bati) pia. Halafu yeye yuko Mafinga, mbao ziko mlangoni, wewe unalipia na usafiri.

Muulize fundi geji gani (namba ya unene wa bati) kaandika. Geji 28 ni nene kuliko 30 na bei iko juu, lakini hapo karibu na bahari chumvi inakula bati, mi niliweka la bei chee nikajuta, kutu ikaanza mapema tu. Bati ulipie mwenyewe dukani, fundi umlipe ufundi kidogo kidogo.

Kenchi zikiwa na mchwa usipige bati jipya juu yake, ita mtu wa ujenzi azikague. Na kama la zamani ni asbesto msilivunje wenyewe, vumbi lake linaua mapafu, tafuta wataalamu.