Kikohozi cha Hosteli

SWALI: Shikamoo Bi Muuguzi. Kijana wangu amerudi likizo Langoni kutoka chuo huko Nairobi, na hii ni wiki ya tatu anakohoa. Hosteli wanalala wanne chumba kimoja. Jirani asema vyuo ndivyo vinavyotuletea maradhi, nimtoe nyumbani kwa ajili ya mamangu mzee. Nifanyeje?
Mama Langoni, Lamu

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimtoe.

Jirani hakukosea yote. Vyuo vya Marekani vilipofunguliwa 2020 wakati wa Korona, wataalamu wa CDC, idara ya Marekani ya kuzuia maradhi, walizitazama kaunti zenye vyuo vikubwa, wiki tatu kabla ya masomo na wiki tatu baada ya kuanza. Palipofundishwa darasani maambukizi yalipanda kwa asilimia 56 hivi. Palipofundishwa kwa intaneti yalishuka karibu asilimia 18. Chuo hukusanya vijana wa kila pembe, kikawalaza pamoja, kisha kikawatawanya. Mara nyingi kijana huugua kidogo akapona. Mzee wa mtaani ndiye alazwaye hospitali.

Lakini mimi mwenyewe niliposomea uuguzi tulilala sita, madirisha tumeyafunga kwa ajili ya mbu. Mwenzetu alikohoa muhula mzima, akitafuna tangawizi, hasemi, aogopa kukosa mitihani. Ilikuwa TB, kifua kikuu. Kila usiku nilimsikia, nikajifunika shuka. Hilo bado laniuma.

Kwa hiyo kesho asubuhi mpeleke hospitali ya King Fahd akapimwe makohozi. Wiki mbili za kukohoa zatosha kwenda. Huenda si TB; ikiwa ndiyo, kupima na dawa ni bure hospitali za serikali, atameza miezi sita bila kuruka, nanyi nyumbani mtachunguzwa, bibi kwanza.

Majibu yakingojewa, asilale ndani na bibi. Nyumba zetu za mawe mwazijua, chumba cha ndani hakina dirisha, hewa hulala humo. Alale darini apate upepo, na mkae naye kiwandani, ule ua wa ndani ulio wazi juu. Akikohoa afunike mdomo. Sahani msimtengee, TB haipiti kwenye sahani wala mkononi, na kumtengea kutamfunza kuficha.

Tena muulize namba za wale watatu wa chumbani. Awapigie usiku huu huu, wakapimwe huko walikokwenda. Nao wamerudi kwa bibi zao.