Kabla ya kigari cha mtoto, tueleze dola 200 zilikokwenda

*Shangazi, nakusalimu kwa heshima. Nina miaka 26, ninaishi Katuba hapa Lubumbashi, na ninatarajia kujifungua mtoto wangu wa kwanza katikati ya mwezi wa saba. Bwana yangu ni fundi wa magari katika garaji moja ya Kampemba. Nimemwandikia orodha ya vitu vya mtoto: kigari cha kusukuma, kitanda, chombo cha umeme cha kuchemshia chupa, maziwa ya kopo, viatu na kadhalika, lakini hataki kutoa hata franki moja. Anayemtia maneno ni mama yake. Ameniletea furushi la vitenge vikuukuu na flaneli iliyokatwa vipande, akasema vinatosha, na kwamba kununua vitu vingi kabla mtoto hajazaliwa ni kujitakia mkosi. Mama huyo ni mjane wa mfanyakazi wa kampuni ya madini ya Gécamines aliyeachishwa mwaka 2003. Alizaa watoto tisa, wamebaki sita, na amezoea maisha ya kubana. Mwezi wa tatu bwana alinipa dola 200, lakini zilikwisha. Rafiki yangu alifanyiwa sherehe ya mtoto, kila kitu kwa rangi moja, na bwana wake alilipa bila kuulizwa; mimi nilibaki na aibu. Kuna kigari nimekitolea avansi ya dola 50 katika soko la mtaa wa Kenya, hapahapa Lubumbashi, na bwana hajui. Nifanye nini ili amalizie? Au nirudi kwetu Likasi nikajifungulie huko?*

*Mama Mtarajiwa, Katuba*

Mwanangu, pole kwa mzigo ulioubeba, kwa maana mwezi wa nane wa mimba unamchosha hata aliyewahi kuzaa mara tano. Pole hiyo ipokee vizuri, kwa sababu yanayofuata hayatakufurahisha.

Unasema bwana hataki kutoa hata franki moja, kisha mistari michache baadaye unakiri kwamba alikupa dola 200, nazo "zilikwisha". Maneno hayo mawili hayawezi kulala nyumba moja. Kigari umekieleza mpaka mahali kinapouzwa, lakini dola 200 umezizika kwa neno moja. Kama zingeingia kwenye unga, kodi ya nyumba au vipimo vya hospitali, ungesema wazi na tungekuhurumia sote. Nadhani, na unirekebishe kama nimekuonea, kwamba sehemu yake nzuri ilikwenda kwenye kitenge cha sare, nywele na zawadi ya ile sherehe ya rafiki yako, na nyingine ndiyo avansi iliyolala sokoni Kenya. Mwanaume anayetoa fedha mwezi wa tatu, asione nepi wala sabuni, akaletewa orodha ndefu zaidi mwezi wa tano, si mchoyo akifunga mfuko. Anasubiri hesabu.

Kilichonishtua zaidi ni yale ambayo hukuyaandika. Katika barua yote hakuna neno kuhusu materniti. Hukusema utajifungulia wapi, umehudhuria kliniki mara ngapi, kundi lako la damu ni lipi, wala ni nani atakayekutafutia teksi uchungu ukianza saa nane za usiku. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mama mjamzito aonane na wauguzi angalau mara 8, na wewe una muda wa kutosha kupanga foleni kwa muuza vigari. Kitu cha kwanza cha kuwekea akiba kabla ya mtoto ni bili ya kujifungua, pamoja na nyongeza kwa ajili ya operesheni ambayo hakuna aliyeipanga. Sote katika mji huu tunamjua mama aliyejifungua salama, akaruhusiwa na daktari, kisha akakaa wodini wiki kadhaa akilala sakafuni kwa sababu familia ilikuwa bado inakusanya fedha. Mtoto wa namna hiyo hata akiwa na kigari cha dhahabu, kitamsubiri nyumbani. Mkono mtupu haulambwi, na mahali pa kulijua hilo kuliko pengine pote ni kwenye dirisha la malipo.

Baada ya bili inakuja damu. Duniani kote, kuvuja damu wakati wa kuzaa na mara baada yake kunaua akina mama wengi kuliko sababu nyingine yoyote, na mtu anayevuja damu hana nafasi ya kusubiri ndugu wapigiane simu. Watafute sasa watu wawili au watatu wenye afya, walio tayari kwenda kupimwa na kutoa damu itakapohitajika. Wakati huohuo mwombe muuguzi akusomee orodha ya materniti yenyewe, kwa kuwa kila nyumba ya uzazi ina yake: pamba, sabuni, beseni, vitenge kadhaa visafi, glavu, na wakati mwingine hata ndoo. Weka vitu hivyo katika begi moja pamoja na kadi yako ya kliniki, na mtu wa pili nyumbani ajue begi lilipo.

Sasa tuje kwenye orodha yako. Kigari utakisukumia wapi, mwanangu? Ninaijua Katuba. Wakati wa kiangazi ni vumbi jekundu linaloingia hadi ndani ya sufuria, na mvua zikirudi ni mifereji inayokata barabara katikati. Mtoto akiwa chini karibu na ardhi ndiye atakayelivuta hilo vumbi, wakati mgongo wako ungembeba juu akiwa na joto na akisikia moyo wako. Chombo cha umeme cha kuchemshia chupa kinadai umeme, na nyumba nyingi zinalala gizani mara kwa mara. Viatu ni vya mtoto ambaye kwa kawaida hatatembea mpaka akaribie mwaka mmoja.

Maziwa ya kopo ndiyo yaliyoniudhi kweli. Unayanunua mapema kana kwamba umeshaamua kuwa matiti yako yatashindwa. Mtoto aanze kunyonya ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa, apate dang'a, yale maziwa mazito ya manjano ya siku za kwanza ambayo yamejaa kinga, kisha aendelee na maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6, bila maji wala uji. Tangu mwaka 1981 ipo kanuni ya kimataifa inayozuia kampuni kumtangazia mama maziwa ya kopo, na iliwekwa kwa sababu watoto walikuwa wakiugua na kufa kutokana na chupa zilizochanganywa na maji machafu. Akitokea mama mgonjwa au mtoto mwenye shida ya kunyonya, muuguzi ataeleza la kufanya siku hiyo. Hayo makopo usiyanunue, na kama umeshayanunua bila kuyafungua, yarudishe.

Na mama mkwe wako? Wazee walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo, nawe umemtukana ukiwa katikati ya uzazi wenyewe. Umeandika kwamba ni mjane wa mfanyakazi wa Gécamines, ukaona umemaliza kumweleza, lakini hujasoma ulichokiandika. Mama huyo aliwahi kuishi wakati hospitali ilikuwa ya kampuni, matibabu ya mke na watoto yalikuwa ya kampuni, na gunia la unga liliingia nyumbani kila mwezi. Kisha aliona vyote vinapungua mwaka baada ya mwaka, mpaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipoondoka na kiinua mgongo ambacho kwa familia nyingi hakikudumu. Mwanamke aliyepita hapo anafahamu gharama ya kitu cha kujionyesha. Wewe unaita hali hiyo kubana. Mimi naona ni mtu anayejua mshahara unaweza kukatika Jumatatu bila kuaga.

Lifungue tena lile furushi, na safari hii ulitazame kwa mikono. Kitenge kikuukuu kilichofuliwa mara nyingi ni laini kuliko chochote kilichotoka dukani na gundi yake. Kinanyonya mkojo, kinakauka upesi, na hakimchubui mtoto mapajani. Flaneli naye hakuichagua ovyo. Mji wetu uko juu, karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na wewe unajifungua mwezi wa saba, katikati ya baridi yetu, ambapo usiku kipimo kinaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Mtoto mchanga hawezi kujitunzia joto kama mtu mzima. Wakati wewe unatafuta kitu chenye magurudumu, mama mkwe amekaa na mkasi akikata blanketi la mjukuu wake kwa kufuata kalenda. Ongezea kofia mbili au tatu, soksi, blanketi moja zito na nguo chache zenye mikono mirefu, tena zisiwe zote za saizi ndogo kabisa kwa kuwa zitambana ndani ya wiki chache. Akizaliwa, alazwe kifuani pako ngozi kwa ngozi na kufunikwa, na kama hali inaruhusu asioshwe kabla ya saa 24 kupita.

Hapa niseme jambo ambalo baridi hii inanilazimisha kulisema kila mwaka. Usiingize mbabula, yaani jiko la makaa, chumbani usiku na kufunga mlango na dirisha ili mtoto apate joto. Sumu inayotoka kwenye makaa yanayowaka haina harufu wala rangi, nayo imelaza familia nzima zisiamke. Mbabula ibaki nje, na mtoto apate joto la mwili wako na flaneli ya bibi yake, chini ya chandarua chenye dawa, ambacho ukikiulizia kliniki huenda ukapewa bure.

Kuna mahali mawili ambapo simuungi mkono mama yetu. La kwanza ni mkosi. Ninaelewa linakotoka, mwanamke aliyezaa tisa na kubaki na sita amewahi kukunja nguo ambazo hazikuvaliwa, na hofu hiyo usiicheke. Lakini materniti haitasubiri mtoto alie ndipo itafute pamba na beseni. Mwombe yeye mwenyewe alitunze begi nyumbani kwake mpaka siku ifike. Atatulia, nawe utakuwa umepata mlinzi. La pili ni kitovu. Hukusema kama ana dawa ya kupaka, ila bibi wengi wanayo: majivu, mafuta, unga wa mizizi. Hapo ninasimama na wauguzi. Kitovu kikae kisafi na kikavu, kisipakwe chochote isipokuwa dawa ambayo kituo chenyewe kimekupa, na ukiona wekundu, usaha au harufu mbaya, mrudishe mtoto hospitali siku hiyohiyo.

Nirudi kwa huyo rafiki yako wa rangi moja. Ndoa za siku hizi zimeingiwa na ugonjwa wa kupima upendo wa mume kwa picha zinazowekwa kwenye simu, na mimba, ambayo zamani ilisitiriwa kwa heshima, imekuwa mahali pa kushindania. Watu wanachanga fedha za puto na keki kwa mtoto ambaye mama yake bado hajalipa kipimo cha damu. Zamani nao walichanga, tena walichanga zaidi: likelemba ya wakati ule, yaani mchango wa zamu wa akina mama, ilimnunulia mzazi beseni, sabuni na unga wa uji, na wale mama walikuja kufua nepi kwa zamu. Siwalaumu wanawake peke yao. Wako waume ambao hawajawahi kuwaambia wake zao wanalipwa kiasi gani, halafu wanashangaa wanapoletewa orodha isiyolingana na mfuko. Bwana yako huenda ni mmoja wao, kwa maana ukimya wake nao ni kosa. Je, rafiki yako alikuambia kama ile sherehe ilikuwa ya fedha taslimu au ya deni? Muulize siku moja, polepole.

Likasi usiende kwa hasira. Desturi ya binti kujifungulia mzao wa kwanza kwao ni nzuri, lakini hupangwa na familia mbili mapema na kliniki huarifiwa. Kujitupa kwenye gari katika mwezi wa nane wa mimba, kwa njia ya zaidi ya kilomita 100, kwenda kwa wauguzi wasiokujua, kwa sababu ya kigari, ni kumchezea mtoto. Kama unamtaka mama yako, mtumie nauli yeye aje.

Fanya hivi wiki hii. Nenda sokoni Kenya umwambie yule mfanyabiashara kwamba hali imebadilika. Wengi wao hawarudishi fedha, lakini hukubali kubadilisha bidhaa, hivyo chukua blanketi, beseni, sabuni, kofia na nepi za kitambaa zenye thamani ya hizo dola 50, na usiondoke bila karatasi. Jioni bwana akishakula, mwekee vitu hivyo mbele yake pamoja na karatasi, umweleze habari ya avansi na ya dola 200 bila kupunguza hata franki, kisha umwonyeshe orodha ya materniti yenye bei kama ulivyoipata kwa muuguzi. Usimwambie kuhusu wenzako wanavyopendwa. Mwachie nafasi aseme mshahara wake ni kiasi gani na anaweza kuweka kando kiasi gani kila wiki mpaka mwezi wa saba. Akikasirika kwa ile avansi ya siri, ana haki yake, mwache akasirike. Lakini hilo alisikie kutoka kwako, kabla hajalisikia kwa mteja wa garaji anayeuza vigari.