Inhela ya bluu inakutuliza saa hiyo hiyo, ila ya kahawia usiitelekeze

Wenye pumu wenzangu wa Kirumba hapa Mwanza, hasa nyie mnaoshinda soko la Mwaloni kwenye vumbi la dagaa, hii ni yenu. Mimi nina pumu tangu mdogo, na kila nikikaa na wagonjwa wenzangu nasikia yale yale: inhela ya bluu ndo dawa, ya kahawia nilivuta siku tatu sikuona kitu nikaacha. Aisee, hizo dawa haziwezi kwenda spidi moja.

Ya bluu ni salbutamo. Haina haja ya kuingia ndani ya seli, inashika kipokezi, yaani protini ya kupokea ujumbe, kilichopo juu ya seli za misuli ya njia ya hewa, kinaitwa beta-2. Ni kama kwenye daladala, abiria anasema shusha, konda anagonga bodi, dereva anakanyaga breki, abiria hata breki hajaiona. Kipokezi kikishikwa kinabadilika umbo, kinaamsha protini nyingine ya kupitisha ujumbe, inaitwa protini ya G, upande wa ndani, inazalishwa kemikali ndogo nyingiii, misuli inalegea, unapumua, yote hayo dakika chache tu. (Wanasayansi Lefkowitz na Kobilka walipewa Nobel ya kemia 2012 kwa kuchimba vipokezi vya ukoo huu.) Beta-2 zipo hadi kwenye misuli ya mikono, ndo maana ukivuta sana vidole vinatetemeka.

Ya kahawia ni steroidi. Kipokezi chake kiko ndani ya seli, dawa inapenya, inakishika, wanaingia wote kwenye kiini kuwasha jeni hizi na kuzima zile, mpaka uvimbe wa njia ya hewa ushuke. Hiyo ni kazi ya siku hadi wiki, kwa hiyo vuta kila siku hata ukijisikia fresh, halafu sukutua mdomo usipate fangasi.

Ukitegemea bluu tu kila siku, seli zinaanza kuvificha vile vipokezi, dawa inapungua makali na uvimbe uko pale pale. Mwongozo wa kimataifa wa pumu, unaitwa GINA, tangu 2019 hautaki mtu mzima atibiwe kwa bluu peke yake.

Na ukienda duka la dawa kutafuta ya presha au moyo kwenda mbio, sema mapema una pumu. Propranolo, moja ya dawa hizo, inakaa kwenye hicho hicho kipokezi cha beta-2 bila kukiamsha, salbutamo ikija inakuta siti ina mtu, na kifua kinaweza kubana vibaya. Kama unaitumia tayari usiikatishe ghafla, rudi kwa daktari akubadilishie.