Usimkatie mtoto kidonge cha baba yake

Dada wa Kadutu, kule Bukavu, Kongo, weka kisu chini kwanza. Umeandika kwamba baba watoto ana wiki tatu kwenye dawa ya kifua kikuu, mtoto wa miaka mitatu mwenye kilo 11 ameanza kukohoa, makohozi yake hayakuonyesha kitu, na muuza dawa wa mtaani amekushauri umpe nusu ya kidonge cha baba kila asubuhi "ya kumkinga". Tuanze na hicho kidonge, maana kosa hilo nalijua na limenigharimu.

Kidonge cha mtu mzima cha miezi miwili ya mwanzo kina rifampisini 150, isoniazidi 75, pirazinamidi 400 na etambutoli 275, zote miligramu. Cha mtoto, kile kinachoyeyuka majini, kina rifampisini 75, isoniazidi 50 na pirazinamidi 150. Ukikata cha baba nusu, rifampisini inatoka 75 sawasawa, na hapo ndipo watu wanadanganyika. Angalia isoniazidi: imebaki 37.5. Mtoto mdogo anahitaji miligramu 10 kwa kila kilo, mara mbili ya mtu mzima, kwa sababu mwili wake unaiondoa haraka. Wako wa kilo 11 akitibiwa hupewa vidonge viwili vya watoto kwa siku, yaani isoniazidi 100. Nusu yako haifiki hata 40.

Usiseme basi utaongeza vipande. Ukifikisha isoniazidi 100 kwa vidonge vya baba, etambutoli inapita 360, zaidi ya miligramu 33 kwa kilo, na mwisho wake ni 25. Dawa hiyo ikizidi inaharibu macho, na mtoto wa miaka mitatu hatakuambia kwamba rangi zimeanza kumpotea.

Tena hiyo si kinga! Kinga hutolewa kwa mtoto aliyechunguzwa akaonekana hana ugonjwa: rifampisini na isoniazidi peke yake, kila siku, miezi mitatu. Wako anakohoa. Kama tayari anaugua, dozi pungufu inavifundisha vijidudu kuizoea dawa. Na baba naye anaibiwa: nusu kila siku kwa siku 30 ni vidonge 15, na kama anameza vitatu kwa siku, hizo ni siku tano za matibabu yake.

Huyo muuza dawa amenitia hasira kweli. Hakumpandisha mtoto kwenye mizani, hakuuliza kikohozi kimeanza lini, akatoa dozi kwa kukadiria kwa macho. Dawa za kifua kikuu za programu ya taifa, PNLT, hutolewa bure, za watoto pia. Hakuna sababu ya mzazi kugawa za mwenzake.

Makohozi "safi" yasikutulize. Mtoto wa umri huo huyameza, na hata yakipatikana, vijidudu vyake huwa vichache. Kesho asubuhi mpeleke kwenye CSDT, kituo kile kile baba anapochukulia dawa. Beba fishi ya baba na karata ya uzito ya mtoto. Kilo zikikwama au zikishuka, hiyo ni dalili kubwa. Mwambie muganga waziwazi kwamba analala nyumba moja na mgonjwa. Uliza kama wanapima choo kwa mashine ya GeneXpert, maana makohozi yaliyomezwa hupitia huko, na uliza radio ya kifua, yaani picha ya mapafu. Hata vipimo visipoonyesha kitu, muganga anaweza kuanzisha matibabu kwa dalili na kwa kuwa ameishi na mgonjwa.

Akipewa vidonge vyake, viyeyushe katika mililita 50 za maji safi: bomba la sindano la mililita 10, bila ncha, vuta mara tano. Anywe ndani ya dakika kumi, kisha suuza kikombe kwa maji kidogo ayanywe pia, kwa sababu dawa hubaki chini. Mkojo ukiwa wa rangi ya chungwa usiogope, ni rifampisini.

Kilo 8 hadi 11 ni vidonge viwili. Wako akigusa 12, na akianza kupona atagusa upesi, vinakuwa vitatu. Kwa hiyo kila mwezi mizani kwanza, plaketi ya vidonge baadaye. Infirmiye akikupa plaketi bila kumpima mtoto, usiondoke hapo.