Kubeti kwa simu bila kuumia: jibu langu kwa kijana wa Newala na wote wanaosubiri hela ya korosho

Kijana wa Newala, swali lako la hapa jukwaani ni la maana, na naona majibu mengi uliyopewa na wengine ni ya aina mbili tu: "acha kabisa" au "njoo inboksi nikupe odi za uhakika". Umesema una miaka 26, umeajiriwa, una mikorosho aliyokuachia marehemu baba yako, na wikiendi unapenda kubeti mpira kwa simu. Unauliza kama mtu anaweza kubeti miaka na miaka bila kuharibikiwa, atenge kiasi gani, na mke ajue au asijue.

Mimi ni wakala wa pesa za simu na benki hapa Tandahimba, na mwenyewe nabeti mpira kwa madau madogo tangu enzi za kuandikiwa mkeka, yaani orodha ya mechi unazobetia, kwenye karatasi dukani. Anayeamini kamari ni haramu simbishii. Huku kwetu ni wengi na nawaheshimu, na kama wewe ni mmoja wao basi jibu unalo tayari, usinisome mimi. Haya ni ya mtu mzima ambaye ameshaamua.

Inawezekana. Ila hela ya kubeti iwe imeshatoka kwenye hesabu za maisha yako kabla hujaigusa. Nimekaa dirishani muda mrefu wa kutosha kuona kwamba kinachowaangusha watu huku kwetu mara nyingi si mechi walizochagua. Ni hela gani walikuwa wameshika, na walikuwa wameishika siku gani.

Unajua hela yetu inavyokuja. Wa mjini anapokea mshahara kila mwezi. Akiunguza wa mwezi huu, atabanana wiki tatu kisha anaanza upya. Mkulima wa korosho anapeleka mzigo AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, unaingia ghalani, minada inaanza Oktoba, na siku benki ikisoma, imesoma ya mwaka mzima kwa mkupuo. Humo ndani mna ada za watoto, bati, vibarua wa palizi, dawa ya kupulizia na deni la dukani. Lakini kwenye simu inaonekana namba moja kubwa, na namba kubwa inamfanya mtu aone elfu hamsini ni hela ndogo.

Ninachokiona dirishani msimu wa malipo ni hiki. Mtu anakuja asubuhi kutoa laki tatu, anakwambia kabisa ni za bati. Nazihesabu, nazifunga mpira, anaweka mfuko wa ndani wa koti. Ameacha elfu ishirini kwenye laini, "ya vocha". Mchana anarudi kuweka elfu thelathini. Haongei sana. Usiku, nimeshaanza kushusha mlango, anakuja na kile kibunda cha asubuhi, mpira wangu bado umezizunguka noti, ananiambia weka zote. Hapo huwa namwuliza kwa sauti ya chini, "Kaka, hizi si zile za bati?" Wengine wanachukua hela yao wanaondoka, na nawashukuru moyoni. Wengine wanasema zitarudi kesho. Siwezi kumkatalia mtu mzima kuweka hela yake, lakini usiku huo silali vizuri.

Kwa hiyo kanuni yangu ya kwanza haihusu mpira kabisa: wiki ya malipo ya korosho sibeti hata mia. Hata iwe Simba na Yanga. Nasubiri hela yote ifike ilikopangiwa, ada ilipwe na risiti iwe mkononi, vibarua walipwe, ndipo nifungue simu kwa ajili ya mechi. Ufuta na mbaazi vivyo hivyo.

Kanuni ya pili, kuwa na laini ya pekee ya kubetia. Hili nakuomba ulifanye hata kama hutafuata kingine chochote. Laini yako kuu ndiyo inayopokea mshahara, ndiyo inayounganishwa na benki, na ndiyo yenye zile huduma za kukopa za kwenye simu. Kampuni ya kubeti ikiwa imeunganishwa na laini hiyo, basi saa sita usiku, mkeka umechanika kwa goli la dakika za nyongeza, kati yako na mshahara wako kuna kubonyeza mara mbili. Laini ya pekee haina benki wala mkopo. Unaiwekea hela yako ya mwezi mara moja, tena kwa kuja kwa wakala, mchana, ukiwa na akili zako. Ikiisha imeisha mpaka mwezi ujao. Na ukishinda, hamishia ushindi laini kuu siku hiyo hiyo, acha dau tu. Hela ya ushindi iliyoachwa kwenye akaunti ya kubeti nimeiona kwa nadra sana ikitoka.

Kuhusu kiasi, kila mtu na mfuko wake, lakini fuata mpangilio huu. Lipa kwanza kodi ya nyumba, chakula, nyumbani kwa mama, hisa za VICOBA, kile kikundi cha kuweka na kukopa. Kilichobaki cha starehe, tuseme elfu arobaini, ndicho cha soda, kibanda umiza, nyama choma na kubeti, vyote humo. Ukitoa elfu nane au kumi za kubeti humo ndani, uko salama. Ukianza kubeti kwa hela iliyo nje ya hiyo arobaini, haijalishi umeshinda au umepoteza, umeshatoka barabarani. Na mkopo, uwe wa simu, wa kausha damu wenye riba kubwa au wa rafiki, usiubetie kamwe.

Sasa mikeka yenyewe, maana hapa watu wengi hawajawahi kuonyeshwa hesabu, nami naipenda hesabu hii.

Chukua timu ya Namungo iko nyumbani Ruangwa. Tuseme kampuni imetoa odi, yaani namba inayozidishwa na dau lako ukishinda, 2.10 mwenyeji ashinde, 3.20 sare, 3.40 mgeni ashinde. Gawa 100 kwa kila moja. Utapata asilimia 47.6, 31.3 na 29.4. Jumla 108.3. Mpira hauna zaidi ya asilimia 100 za matokeo, kwa hiyo ile ziada ndiyo sehemu ya kampuni, imeshawekwa kabla refa hajapuliza. Maana yake, kwa kila elfu moja inayobetiwa kwa odi hizo, kwa muda mrefu zinarudi kama 923 hivi. Hiyo sabini na kitu inayobaki naiona ni bei ya burudani, naikubali kama ninavyokubali kiingilio cha uwanjani.

Lakini ukiunganisha mechi kwenye mkeka mmoja, makato hayo ya kampuni yanarudiwa kwenye kila mechi unayoongeza. Mkeka wa mechi kumi zenye makato kama hayo, ile 923 inateremka mpaka 450 hivi. Angalia mfano wa wapenda "timu za uhakika": mechi kumi, kila moja odi 1.40, dau elfu moja. Ushindi unaandikwa 28,900, unapendeza. Kwa makato yale yale, mkeka huo unatarajiwa kutiki mara moja katika kama 65. Umeweka elfu sitini na tano kusubiri elfu ishirini na nane na mia tisa, na kodi ya ushindi bado hujakatwa. Ndiyo maana kila mkeka unachanwa na mechi moja na mtu anajiona alikuwa karibu. Hakuwa karibu, hesabu ilikuwa hivyo tangu mwanzo. Mimi nabeti mechi moja, mbili zikizidi, na nabeti ile ninayokwenda kuitazama.

Kile kindege sasa, mchezo wa kwenye simu ambao unatakiwa uchukue hela yako kabla kindege hakijaanguka. Aviator ilitoka mwaka 2019, imetengenezwa na kampuni inayoitwa Spribe, na imeelezwa kwamba inarudisha asilimia 97 ya madau. Vijana wananiambia, "Mzee, asilimia 97, ina maana ni bora kuliko mpira." Kwa raundi moja, ndiyo. Tatizo ni kwamba mechi inachukua saa mbili na raundi ya kindege inachukua sekunde chache. Mtu anaingia na elfu tano, anapata, anapoteza, anarudishia, na usiku mmoja anaweza kuwa amezungusha madau ya jumla laki mbili bila kujua. Asilimia 3 ya laki mbili ni elfu sita. Elfu tano yake imekwisha na hajaelewa imekwendaje, maana alikuwa "anapata pata". Kama huwezi kusubiri matokeo, kaa mbali na michezo ya namna hii, na hapa nakuambia kwa msisitizo wote nilio nao. Na zile programu za kutabiri kindege kitaanguka wapi ni wizi mtupu. Matokeo ya kila raundi yanatokana na namba za siri za seva zikichanganywa na za wachezaji. Hakuna programu ya elfu kumi inayoweza kuyaona kabla.

Kuna wanaokufundisha kudabo dau kila ukipoteza, eti utashinda tu siku moja. Anza na elfu moja: 1,000, 2,000, 4,000, 8,000, 16,000, 32,000, 64,000. Ukipoteza mara saba mfululizo, jambo ambalo hutokea, umeshatoa 127,000, na dau la nane ni 128,000, ili upate faida ya elfu moja. Asiye na laki mbili za kupoteza asiuguse mchezo huo, na mwenye nazo ana mambo bora ya kufanyia.

Wauza "mechi zilizopangwa" wa kwenye magrupu usiwape hata senti. Ujanja wao ni rahisi. Wana watu 900. Theluthi wanawatumia "mwenyeji anashinda", theluthi "sare", theluthi "mgeni". Matokeo yoyote yakitoka, watu 300 wameona utabiri umetiki. Wanarudia kwa hao 300, wanabaki 100 walioona ametabiri mara mbili sahihi, bure kabisa. Hao mia ndio wanaoombwa hela ya mechi ya tatu, na wanatoa kwa imani kamili. Nimewatumia watu hela hizo kwa mikono yangu, mpaka nilipoanza kumwuliza kila mteja anayemtumia mtu asiyemjua kama ni mambo ya mikeka.

Upande wa kampuni, tumia yenye leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania tu. Bodi hii ipo kisheria tangu 2003, na kampuni ikigoma kukulipa una mahali pa kupeleka malalamiko. Tovuti ya nje isiyo na leseni ikikunyima hela yako, imekwenda. Tena kodi ya ushindi inakatwa na kampuni yenyewe kabla hujalipwa, kwa hiyo anayekupigia kwamba umeshinda na utume kwanza "hela ya kodi" ni tapeli, kata simu. Bonasi nayo soma masharti: nyingi lazima uzizungushe mara kadhaa, kwa odi zisizopungua kiwango fulani, ndipo uzitoe. Umri ni miaka 18 na kuendelea. Wadogo zako wakitumia simu yako kuangalia katuni, toka kwanza kwenye akaunti.

Kwenye mipangilio ya akaunti, baadhi ya kampuni zenye leseni zina mahali pa kuweka kikomo cha hela ya kuweka kwa siku au mwezi, na pa kujifungia kwa muda. Weka kikomo leo, ukiwa hujabeti. Usipopaona, andikia huduma kwa wateja wakuwekee wao, na uhifadhi majibu yao.

Ukijiona unaficha miamala, unakopa ili urudishe, au unaamka usiku kuangalia ligi ya nchi usiyoweza kuionyesha kwenye ramani, acha, na ukishindwa kuacha peke yako hiyo si tabia mbaya tu. Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa kamari kwenye orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika 2022. Hospitali za rufaa za mikoa zina huduma za afya ya akili, ya kwetu ni Ligula pale Mtwara mjini, ya Lindi ni Sokoine. Kwenda huko si aibu hata kidogo, na natamani watu wangu wengi wa dirishani wangekwenda mapema.

Kuhusu mke: ajue. Ajue kiasi cha mwezi, ajue laini ipi, na awe anaweza kuona miamala akitaka. Mke wangu anajua ya kwangu, na msimu wa malipo yeye ndiye anayekaa na simu yenye laini hiyo mpaka ada zilipwe. Ukiona kuna kiasi usingependa akione, basi kiasi hicho kimezidi, punguza mpaka uweze kumwonyesha.

Mwenye swali la kutenganisha laini au kufunga akaunti aulize hapa hapa ili na wengine wasome. Inboksi sijibu mambo ya odi.